Kitambaa cha Shosho Juu ya Kompyuta

Juzi niliacha laptopu ikiwa imewaka juu ya blanketi, nikaenda jikoni kuangalia maharagwe. Niliporudi, chumba kilikuwa na harufu ya vumbi linaloungua. Papo hapo nikajikuta tena sebuleni kwetu, Free Area, Nakuru, mwaka wa 2008, nimekunja ngumi mbele ya kompyuta ambayo ningeitupa nje ya dirisha kama ningekuwa na nguvu za kuibeba.

Sijui kama nyinyi mliwahi kuishi na mashine iliyozeeka. Hiyo yetu Baba alipewa kazini walipoletewa mpya, na ilifika nyumbani ikiwa imeshachoka na maisha. Ukiiwasha ilinguruma, ikanyamaza, ikafikiri, ikanguruma tena. Ungeweza kwenda kuchemsha chai ukairudia bado inafikiri.

Mama hata hivyo aliipokea kama mgeni wa heshima, na kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Viti vilikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, jagi la maji lilikuwa na chake chenye shanga pembeni. Nakuru ina vumbi la kutosha kuzika ng'ombe, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Shosho, mama yake Mama, alipoifumia kompyuta nguo yake kwa kroshia huko kwake Gilgil. Kilikuwa kitambaa kizito cha uzi wa manjano na kijani, kilichofunika lile sanduku la CPU kutoka juu hadi chini, mbele na nyuma. Tulikiinua kidogo tu mbele, kuingiza CD, kisha tukakirudisha. Mimi niliona imependeza kweli.

Mwezi wa Agosti wa mwaka uliotangulia, ndugu yake Mama, Anko Kamau, alikuwa ameoa. Siku za harusi hiyo Mama na Shosho walikuwa hawaelewani. Mama alitaka Shosho aache shamba aje akae nasi, Shosho akakataa, na Mama, ambaye kila siku alituambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, akajikwaa ulimi vibaya sana. Wakabaki kusalimiana tu. Mchana wa harusi Mama alishinda nyuma ya hema akipakulia watu pilau. Huko mbele Shosho alishika maikrofoni, akawabariki maharusi, halafu, kama walivyosema watu baadaye, akamtaja Mama. Alisema nini? Hakuna aliyekumbuka. Mama alimuuliza bwana harusi mwenyewe.

"Sista, mimi hiyo siku hata jina yangu sikuwa nakumbuka," Anko Kamau akamjibu.

Kisha Shosho akafariki Januari, siku zile barabara zetu hazikupitika kwa ghasia za uchaguzi, na Mama hakuwahi kumwona tena. Vilivyobaki ni kitambaa kile na CD moja ya harusi. Mpiga picha alikuwa amehama mji, na DVD ya sebuleni iliikataa CD hiyo kabisa. Ilikubali kwenye kompyuta tu. Baba alipendekeza tuipeleke cyber, kwenye kompyuta za kulipia.

"Nikalilie mamangu kwa cyber, watu wakingoja zamu?" Mama akasema, na hayo yakaishia hapo.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa tulikaa mbele ya kompyuta tukatazama harusi. Nilimwomba Mama turuke mwanzo, twende moja kwa moja kwa Shosho. Hakutaka kusikia. Harusi haianzii katikati, alisema, ni kama kuingia kwa mtu kupitia dirishani. Kwa hiyo tuliona bibi harusi akitolewa kwao, shangazi wakiimba langoni, kanisa zima, mahubiri yote, na Mama akitaja kila mtu aliyepita. Hadi keki, picha ilikwenda vizuri. Baada ya keki ilianza kigugumizi. Watu walicheza kwa vipande vipande, sauti ikawa inakatika, na Shosho alipoinuka kwenye kiti chake aliinuka kwa mateso. Alibariki kwa kukwaruzakwaruza. Halafu akageuza uso upande wa jikoni, akasema, "Na huyu wangu..." na hapo akaganda, mdomo wazi. Mama naye aliganda, ameinama mbele, mkono kifuani.

Kila Jumapili! Mahali pale pale! Nilikereka hadi machozi. Baba aliipaka CD dawa ya meno, akaifuta kwa fulana yake. Tukanukia vizuri, Shosho akaganda vile vile. Anko Kamau aliitwa kutoka Lanet, kwa kuwa alikuwa amesoma packages, kozi ya kompyuta, na cheti chake kilikuwa ukutani. Kwa Anko, ugonjwa ulikuwa mmoja tu duniani.

"Hii kitu iko na virus," alisema kabla hajaketi.

Akafuta mchezo wangu wa karata. Akafuta picha za Baba. Jumapili moja Mama alipokuwa amesimama mlangoni na mgeni, Anko akajaribu kuivuta video mbele, na kompyuta ikafa kabisa, ikabidi tuanze upya na bibi harusi wetu langoni kwao. Nilimchukia bibi harusi yule, na hali alikuwa mke wa Anko na alinipenda.

Siku ninayoikumbuka, Anko na Baba walikuwa wakibishana, virus au CD, Shosho ameganda, nami nimenuna sakafuni. Ndipo ikaja harufu ile. Mama aliinuka kama aliyechomwa.

"Kitambaa ya mamangu! Inaungua!"

Alikivuta chote kwa mikono miwili, akakikagua uzi kwa uzi, akakikunja na kukikumbatia mapajani. Vumbi likaruka. Hata hakuitazama kompyuta. "Nyinyi na mavirus yenu," aliwaambia, "mngechoma kazi ya mamangu mkiona." Baba akafungua dirisha, ugomvi ukaanza upya. Hakuna aliyejua kwamba mashine ile, kwa mara ya kwanza tangu ivishwe nguo ile, ilikuwa inapumua na kupoa. Baada ya muda Shosho akatikisika. Akafunga mdomo. Akaufungua tena, na sauti yake ikatoka nzima, kwa lugha yetu:

"Na huyu wangu yuko huko nyuma anawapakulia, tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Mtu ampelekee chakula."

Ni hayo tu. Kisha akarudisha maikrofoni, na shangazi wakaanza kucheza.

Nilisubiri ziada. Miezi yote ile, mchezo wangu wa karata umekwenda, na hakuna msamaha wala baraka, ni chakula tu? Nilimgeukia Mama nilalamike. Alikuwa akikifinyafinya kitambaa kwa vidole.

"Ile sahani," alisema taratibu. "Kuna mtu aliniletea sahani. Nikamwambia apatie madereva."

Kisha akakiweka kitambaa juu ya kiti, akaenda jikoni. Nilimsikia akifungua sufuria. Kulikuwa na githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, imepoa, na hakuipasha moto. Alirudi na sahani imejaa, akaketi mbele ya skrini, ambako mama yake alikuwa bado anaonekana pembeni akipiga makofi, akala polepole mpaka akamaliza, na hata mchuzi akaufuta.

Mimi nilikasirika zaidi. Tulikuwa tumekula mchana tukashiba, na nilidhani ana njaa.