Mashavu ya Saidi

Harufu ya maziwa ya kopo, yale mazito yenye sukari, mpaka leo hunifukuza jikoni. Mjukuu wangu akitoboa kopo, mimi hutafuta shughuli uani. Wananicheka, na siwalaumu. Hawakuwapo Gisenyi miaka ile ya hamsini, dukani kwa baba yangu.

Baba aliuza vitenge, sabuni, sukari na vyakula vya makopo vilivyovushwa kutoka Goma. Tulikuwa Waislamu wa mjini. Mama alizaliwa milimani, Bugeshi, na tangu aolewe na mfanyabiashara hakupenda kukumbushwa viazi vya huko. Tulitangulia sisi wasichana, kisha akaja Saidi. Jamani, mtoto huyo! Baba alimpakata dukani ili wateja wamsalimie yeye kwanza, ndipo waseme shida zao.

Saidi bado ananyonya, mama akapata mimba nyingine. Kwetu mwenye mimba hakunyonyesha; watu waliamini maziwa yake yameharibika. Saidi akaachishwa siku hiyo hiyo. Sasa apewe nini? Sisi tulikula maharage na dodo, mboga ya majani ya kila mtu, na hayo yalionekana hayamfai mtoto wa kiume wa pekee. Baba akashusha makopo. Kwenye karatasi ya kopo alichorwa mtoto wa kizungu mwenye mashavu, na baba alimtaka wa namna hiyo nyumbani kwake. Maziwa yalikorogwa kwa maji mengi, yakaliwa kwa mkate mweupe. Mimi nilikilamba kifuniko kwa wivu mpaka nikajikata ulimi.

Na kweli, mashavu yakaja. Miguu ikajaa, nywele zikawa laini na nyekundunyekundu. Majirani walisimama mlangoni wakisema, "Mama Zaina, huyu amekuwa muzungu kabisa!" Mama alicheka. Saidi mwenyewe alikuwa ameacha kucheka. Alishinda mkekani amenuna, hachezi, hataki kushikwa. Tukasema ana maringo.

Ndipo mama yake mama, tuliyemwita Nyogokuru, akashuka kutoka Bugeshi kutusalimia. Hakumsifu mtoto. Alipiga magoti, akaubonyeza mguu wake kwa kidole gumba, kisha akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Ayiwe! Munamupa nini?"

"Maziwa ya mukebe, mama. Ile ya bei."

"Hii haiko kunenepa. Iko maji. Ni bwaki."

Sikulijua neno hilo. Mama alilijua, maana alishika ukuta.

Nyogokuru akafukuza makopo. Akataka maziwa ya ng'ombe, uji wa mtama, maharage yaliyomenywa na kupondwa, samaki wa ziwani aliyetolewa miiba. Vyote vilikuwa vikipita mlangoni petu kila siku. Lakini Saidi alifunga meno. Walimlisha kwa ncha ya kidole, naye akatapika, wakaanza upya. Baba aliacha duka wazi, akawa anazunguka uani akisema tu, "Yarabi, Yarabi."

Kisha likaja baya zaidi. Saidi alianza kukojoa, akakojoa sana, na mashavu yakaisha. Chini yake kulikuwa na mifupa. Mbavu zilitokeza, uso ukawa wa kizee. Wale waliomsifu sasa walipita wakitazama pembeni. Mama akachanganyikiwa. Alikimbilia dukani, akashika kopo, na Nyogokuru akasimama mlangoni kumzuia.

"Anaisha, mama! Unaniulia mutoto!"

"Ni maji iko inatoka. Mwana wanjye, ngoja."

Walivutana mpaka kopo likaanguka. Sijapata kuona watu wanaopendana wakitazamana kwa chuki namna ile. Mimi nilijibanza nyuma ya magunia nikiwa na hakika kwamba tutamzika ndugu yetu, ila sikujua nani kati yao atakuwa amemuua.

Hatukumzika. Asubuhi moja nilikuwa nakula maharage kando ya mkeka, Saidi akanyoosha kimkono chake, akachota. Akala. Nikamsogezea sahani, akala tena, mchuzi ukimtiririka kidevuni, na yalipokwisha akalia kwa hasira. Mama aliposikia kilio hicho aliketi chini pale alipokuwa.

Miaka mingi nilidhani Nyogokuru alimchukia baba, kwa sababu tangu hapo alimsalimu akiwa nje na hakukanyaga tena dukani. Nilipopata watoto wangu ndipo mama aliponieleza kwamba bwaki ni njaa inayomvimbisha mtoto anayekosa chakula cha kujenga mwili, hata akishiba. Katika njaa ya utoto wa mama, Nyogokuru aliwazika wadogo zake mama kule Bugeshi, wamevimba vile vile, nyuso zimejaa. Nyumbani hapakuwa na punje. Alipoubonyeza mguu wa Saidi aliikuta njaa ile ile, na safari hii ilikuwa katika nyumba iliyojaa chakula, ikilishwa kwa kijiko na watu waliompenda mtoto kuliko kitu chochote duniani.