Kopo Ndani ya Ndoo ya Maharage

Mimi ni mkali, sikatai. Wagonjwa ninaowafuatilia kwa kujitolea, wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wananiogopa kuliko sindano. Siku moja kliniki, kuli wa yadi za makontena Kurasini alifungua mbele yangu kifuko cha nailoni alichokuwa akikifunga kiunoni. Vidonge vya mwezi mzima vilikuwa vimelowa jasho, vimegeuka uji. Nilimfokea hadi wauguzi wakachungulia. Virusi vyake vilikuwa vimepanda, amekonda amebaki mifupa, na daktari alishamwonya kuwa akiendelea hivyo atakufa.

“Kopo la dawa umelitupa kwa nini?”

“Mama, mie nalala chini ya tela na wanaume sita. Nikijigeuza tu, vidonge vinalia. Na lile kopo nani asiyelijua?”

Mimi nalala kwenye chumba chenye kitasa. Miaka yote hiyo nahubiri dawa, sikuwahi kufikiria kelele za kopo. Niliona aibu, nikamwomba radhi palepale.

Nikamuuliza anamwamini nani. Alifikiri sana, akamtaja mama lishe anayemuuzia chai kila asubuhi. Tulipewa dawa nyingine, tukaenda. Alitaka kumweleza mwenyewe, nami nikasimama kando. Yule mama alimsikiliza huku anakanda unga.

“Sasa dawa zako zitanilia chapati zangu? Lete hilo kopo.”

Akalizika ndani ya ndoo ya maharage makavu, lisilie. Sheria yake ikawa moja: chai haitoki mpaka kidonge kimemezwa, hata kama lori linasubiri kushushwa. Nilipita mara kadhaa kumvizia yule kuli, maana sina imani ya haraka. Kila nikifika, yeye anakunywa chai.

Masika yakaja, yakaisha. Siku ya majibu daktari alisoma karatasi, akatabasamu: virusi havionekani tena kwenye kipimo. Nililia mbele za watu, na ukali wangu wote.

Kuli wangu alichukua kopo jipya, akatoka hadi barabarani akilitikisa juu ya kichwa kama kayamba.

“Mwanangu, watu watasikia!”

“Waache wasikie, mama. Nipo hai!”

Akazidi kulitikisa. Nami nikamfuata nyuma, nikapiga kigelegele.