Sahihi ya Keshia Lindgren

Verna Lindgren aliwapikia watoto wa shule ya Tarlow, Iowa, mpaka akastaafu, na hakuna aliyewahi kumuuzia mayai bila kumwona akilitikisa kila moja sikioni. Ndivyo alivyokuwa. Mtu akimchekea sana, yeye hushika mkoba.

Noti ndizo zilizomzidishia shaka hiyo. Zamani benki ya Tarlow ilitoa noti zenye jina la mji, na keshia, babu yake Verna, alizitia sahihi moja moja kwa kalamu. Benki ikafa, noti zikatawanyika. Verna alizisaka minadani, akapata za kila thamani isipokuwa ya dola kumi.

Ndipo akaja Wendell Pruitt, mkulima wa wilaya jirani, akiwa nayo ndani ya bahasha. Verna akamtilia kahawa, akamkatia pai ya tufaha, kisha akaipeleka noti dirishani. Karatasi ilikuwa yenyewe, lakini sahihi nyeusi tii. Wino wa babu kwenye noti nyingine siku hizi umefifia ukawa na rangi ya chai. Tena babu alisaini mbiombio, na mkono huu ulikuwa umejikokota.

"Umeipitishia kalamu wewe," alisema. "Ulitaka ing'ae nilipe zaidi. Hapo umeiua bei, baba."

Wendell akaacha kutafuna. Akasema si yeye, ni marehemu mama yake. Alikuwa msichana wa kufagia pale benki, na siku benki ilipofungwa, keshia alimpa noti hiyo, malipo yake ya mwisho. Jina lilipoanza kufifia, akalifuatisha kwa kalamu lisipotee.

Hadithi tamu, Verna aliwaza. Tamu kupita kiasi. Wauzaji wote wana mama marehemu. Akamtajia bei ya noti iliyoharibika, akangoja abishe. Wendell akasema sawa tu, na hilo likamtia Verna shaka zaidi.

"Mbona hubishi?"

"Bi Verna, mimi nina ng'ombe wa kukamua. Mama alitaka irudi kwa watu wa keshia. Ningekupa bure, ungenifukuza."

"Ningekufukuza kweli."

Alilipa. Mgeni alipotoka, Verna akachungulia nyuma ya pazia aone kama anacheka. Hakuwa akicheka. Alikuwa amekaa ndani ya gari lake, hajaliwasha, anaitazama bahasha tupu. Verna akajiambia labda anajua anachunguliwa. Akangoja. Mwisho akafungua mlango.

"Wewe Wendell, pai umeiacha nusu. Rudi ndani unieleze mama yako alikuwa mtu gani."