Valentine wa Salama

Mimi ni mtu wa kushuku, sitakudanganya. Hata mchuuzi akinipimia maharagwe kwa kopo, lazima nichungulie nione kama chini halijabonyezwa. Kwa hivyo bahasha iliponifikia Migwani, Februari moja mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliigeuza mara tatu kabla ya kuifungua. Mwandiko wa juu ulikuwa wa mume wangu, aliyekuwa akiziba pancha za malori kule Salama, barabara ya Mombasa. Ndani hamkuwa na barua. Kulikuwa na kadi yenye moyo mwekundu, na maneno machache ya Kizungu, herufi zimeshikana vizuri. Mwandiko ule mume wangu hangeuweza hata angeshikwa mkono.

Nilisoma hadi darasa la saba. Kizungu hicho nilikiweza: kutoka kwa Valentine wako.

Haiya! Valentine nani?

Nilikaa jikoni nikapanga mambo kichwani. Kuna mwanamke Salama. Amemwandikia mume wangu kadi. Naye mume wangu, akimjibu kwa haraka, amechanganya bahasha. Kadi ya Valentine imekuja kwangu, na barua aliyoniandikia mimi, ya kuuliza kama tumemaliza kuvuna, iko mikononi mwa Valentine. Ndiyo maana Krismasi alikaa nyumbani siku mbili tu. Ndiyo maana alikuwa na viatu vipya! Hasira ilinipanda mpaka mahindi ya muthokoi yakaungua sufuriani.

Usinicheke. Siku ya wapendanao sisi hatukuijua. Kwetu Ukambani mwanamume akikutaka, wazee wake walileta mbuzi wa ntheo kwa baba yako, na wakishapokelewa wewe ni mke wa mtu, maneno yameisha. Hakuna aliyekuchorea moyo. Nilimuuliza mama yangu siku moja kama baba aliwahi kumwambia anampenda, akaniuliza kama nina homa.

Basi nikaamua. Kama huyo Valentine yuko, narudi kwa baba yangu na watoto wangu watatu, na ntheo irudishwe. Asubuhi niliwaacha watoto kwa mama mkwe, nikamwambia naenda kliniki.

Nilifika Salama mchana. Sikwenda moja kwa moja kwa mume wangu, nimpe nafasi ya kuficha? Niliuliza hotelini, nikauliza wauza mboga, nikauliza kinyozi: mnamjua mwanamke anaitwa Valentine? Wote walicheka, na kila kicheko nilikichukua kama ushahidi. Mwishowe mwenye duka la madaftari na kalamu, mzee Mwislamu aliyetoka Pwani zamani, akaitazama kadi.

"Huu mwandiko ni wangu, mama," akasema.

"Kumbe wewe ndiye Valentine?"

Alicheka hadi akavua miwani. Akanieleza kwamba Valentine alikuwa kasisi wa Roma, zamani sana. Wanasema mfalme alikataza askari kuoa, yeye akawafungisha ndoa kwa siri, akauawa. Ndiyo maana siku yake watu wakaanza kupeana kadi na maua, na anayetuma haandiki jina lake. Anaandika Valentine tu, mwenzake ajue mwenyewe. "Si sikukuu yangu, mimi nauza karatasi," akasema. "Lakini fundi wa tairi alikuja akaniomba nimwandikie Kizungu kizuri. Aliniambia mke wake amesoma."

Kasisi wa kufungisha ndoa kwa siri? Hata huyo nilimshuku. Nikavuka barabara, nikamkuta mume wangu amechuchumaa kando ya tairi pamoja na wenzake wanne. Aliponiona uso ulimbadilika.

"Kuna msiba nyumbani?"

"Valentine ni nani?" nikamuuliza mbele yao, kadi nimeinua juu.

Akaangalia chini. "Ni mimi," akasema.

Wenzake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Walimwita Valentine papo hapo, na waliendelea kumwita hivyo mpaka alipoacha kazi. Yeye alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Kila mwezi natuma unga na sukari kwa basi," akasema kwa sauti ya chini. "Hujawahi kuja kuuliza ni nani ametuma."

Niliona aibu, jamani. Nilitaka kumshika mkono, lakini nani kwetu alishika mume mkono barabarani? Nikasimama tu pale na kadi yangu, yeye akarudi kwa tairi lake.

Unga na sukari viliendelea kuja, hakuna mwezi ulioruka. Hata alipozeeka akarudi nyumbani, tuliishi vizuri. Kadi nyingine hakunitumia. Lakini miaka yote ile aliyokuwa Salama, Februari ikifika, nilikuwa naenda posta. Karani ananiambia, "Hakuna kitu, mama," nami namwambia atafute tena.