Msemaji wa Familia ya Ndege

Massoudi ameuza bia kwa miaka kumi na tisa bila kuonja hata tone, na hakuna mtu Bujumbura anayeijua bia kuliko yeye. Akishika chupa kwa vidole viwili tu, anakuambia kama ililala kwenye friji au ilipita kusalimia. Alfajiri anaswali Buyenzi, alikozaliwa, kisha anapanda baiskeli, anakatiza kando ya mipunga ya Buterere, na saa tatu yuko kwenye baa ya uwanja wa ndege, shati jeupe, kalamu sikioni. Mke wake, Khadidja, aliwahi kumuuliza siku ya hesabu atajitetea vipi. Alijibu kwamba Mwenyezi Mungu anajua nani anakunywa na nani anabeba trei.

Trei ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuwaondoa watu. Mjini humu akisafiri mmoja wanamsindikiza kumi na wanne, wote wanakaa, wote wanaagiza mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, kisha mkubwa wao anasimama na chupa mkononi kuomba neno. Mkubwa akishachukua neno hakatizwi na mtu, hata awe rubani. Massoudi ameshuhudia ndege tatu zikiondoka na kiti kitupu ambacho mwenyewe yuko hapa hapa, meza ya dirishani, anasikiliza maisha ya babu yake.

Dawa yake ni agashinguracumu, ile chupa ya mwisho anayopewa mgeni ili aweze kuaga. Massoudi huileta kabla haijaagizwa, anaiweka mezani kimya kimya, na ukoo mzima unaelewa kwamba umefukuzwa kwa heshima.

Alhamisi moja mchana, msafiri alikuwa Joëlla, binti wa miaka ishirini na mitatu, anakwenda Ubelgiji, kwa kupitia Addis, kusomea uuguzi. Viza aliisubiri miaka miwili. Chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba asipofika Ijumaa, nafasi yake anapewa mwingine. Na aliyesimama na chupa alikuwa mjomba wake Népomuscène, mstaafu wa wizara moja pale Rohero, ndiye aliyemlea. Alianza, akisoma kwenye karatasi, kwa kuwashukuru waliofika, akawataja wasiofika pamoja na sababu zao, na sasa alikuwa amefika mwaka aliopewa unaibu mkurugenzi, mwaka ambao kwa maelezo yake ulikuwa mrefu kuliko mingine.

Abiria wa Addis wakaitwa. Joëlla alimtazama Massoudi. Massoudi akaleta chupa yake.

Hapo ndipo dawa ilipomgeukia daktari. Népomuscène aliipokea chupa kwa mikono miwili, akaishukuru nyumba, akaeleza kwamba kinywaji cha heshima kama hiki hakinywewi bila maneno yake, na akatoa mfukoni karatasi ya pili.

Abiria wa Addis wakaitwa tena, kwa mara ya mwisho. Massoudi aliweka trei chini, akafunga kifungo cha shingoni, akaenda kusimama upande wa pili wa meza, akaomba neno.

"Muzee, mi ni musemaji wa familia ya ndege. Tumekuja kuomba mutoto."

Shangazi mmoja alijiziba mdomo. Kila mtu pale alishakaa kwenye posa, na kila mtu alijua kwamba upande wa binti ni lazima ujifanye hauwajui wageni. Népomuscène amekuwa msemaji wa ukoo kwa miaka thelathini. Posa haijawahi kumpita bila kujibiwa. Alikunja karatasi.

"Sisi hatuwajui nyinyi. Mulipita njia gani?"

"Tulipita juu, Muzee. Huku chini mafuta hakuna."

"Na ngombe ziko wapi?"

Massoudi alisogeza sahani iliyobaki mishikaki mitatu. "Zilizofika ni hizi. Zingine zilinyimwa viza."

Watu walicheka. Népomuscène aliinua macho, yakaenda moja kwa moja kwenye saa ya ukutani, bila kuitafuta. Kisha akamwinamia Massoudi, akasema kwa sauti ya chini, "Ile saa niko naiona tangu mwanzo. Ni kinywa ndiyo ilikataa kufunga."

Akajinyoosha. "Mutoto tumewapa," alitangaza. "Mumuchunge."

Joëlla alipiga funda moja la ile chupa ya kuaga, akamkumbatia mjomba wake, mara moja, kwa nguvu, akaondoka mbio, sanduku likiruka nyuma yake. Wengine walihamia kwenye kioo cha dirisha, wakasimama hapo mpaka ndege ikapanda, ikageukia ziwani, ikawa ndogo.

Massoudi alikuwa ameshachukua kitambaa afute meza aliposikia kijiko kikigonga chupa. Mila ndiyo mila: upande wa binti ukishatoa, unawashukuru waliokuja kuomba, na hao hawaruhusiwi kuondoka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Massoudi alivuta kiti, akaketi kwenye meza ya dirishani, akajiagizia Fanta.

Népomuscène akafungua karatasi ya pili.