Ng'ombe Alale Penye Oti

Maziwa yalipotoweka madukani Kampala, mimi na jirani yangu, mhadhiri wa jiografia, tulinunua ng'ombe mmoja kwa ubia. Nyumba zetu za chuo, mteremkoni nyuma ya Wandegeya, zilitenganishwa na ua mfupi, na kila mmoja alikuwa na kipande cha ardhi cha kutosha kumwaibisha. Sharti lilikuwa moja: ng'ombe alale penye malisho. Mwenye malisho akamue; mwenzake aje na jagi.

Sharti hilo nililitunga mimi. Nilikuwa nafundisha fasihi, na mtu wa fasihi akisoma kitabu kimoja cha kilimo hujiona mkulima. Kitabu kilisema oti, majani yale ya jamii ya ngano ambayo ng'ombe huyapenda, ipandwe mara mvua zinapoanza. Nikapanda siku ya manyunyu ya kwanza. Jirani alikaa kibarazani akinitazama.

"Ssebo, bwana wangu, hiyo si mvua," akasema. "Hayo ni mate ya mawingu. Ngoja udongo ulowe."

"Wewe ngoja. Mimi nitakuwa nakamua."

Manyunyu yakakatika. Oti yangu ikaota kwa mabaka, kama ndevu za kijana. Yeye alipanda udongo uliposhiba, na yake ikatoka kwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Ilipoanza kutoa machipukizi shinani, shemeji yake mwanajeshi akamshushia gunia la mbolea ya yurea, wakati sisi wengine hata chumvi ya mboga tuliipata kwa kujuana. Aliinyunyiza ardhi ikiwa bado na unyevu. Baada ya muda mfupi shamba lake likawa na kijani cha kuniumiza macho.

Ng'ombe akahama. Hakuvutwa, alitangulia mwenyewe. Samadi yake nayo ikahamia huko, kwa hiyo mwenye nacho akaendelea kuongezewa.

Kila asubuhi nilizunguka ua na jagi langu.

"Karibu, mwalimu," jirani aliniambia mbele ya watoto wangu, ambao siku hizo walikuwa wakiamkia kwake. "Leo jagi dogo? Au umekata tamaa?"

Nyumbani mke wangu alisimama dirishani. "Oti ya mwenzako inapendeza, baba."

Nikamjibu kwamba uzuri si kila kitu, jambo ambalo sijapata kulisema darasani.

Kisha alasiri moja shemeji yule alichukuliwa kazini na watu waliokuja na gari. Hakurudi. Asubuhi iliyofuata nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa, na ng'ombe analia, kiwele kimejaa. Sikuuliza mtu, wakati ule kuuliza kulikuwa ni kujitaja. Nikamkamua.

Basi nilikuwa nimepata vyote nilivyovitamani. Nikamrudisha ng'ombe kwangu, nikamwekea oti yangu. Akainusa, akageuza shingo kuelekea ule ua. Nikachukua panga, nikaenda kukata ya jirani.

Siku nyingi zikapita. Mchana mmoja Mkenya aliyekuwa akiuza sabuni soko la Kalerwe akabisha hodi, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye bwana wa jagi?"

Nikakubali.

"Rafiki yako yuko Nairobi, salama. Anasema gunia limebaki nusu, liko chini ya kuni, kwenye jiko lake la nje. Ukishakata oti, uweke tena, ndiyo itachipua vizuri. Lakini usubiri mvua ya kweli. Hapo alinishika mkono, akasema nikwambie mara mbili: siyo manyunyu."

Nilimshukuru Mungu kwamba yu hai, na nilimaanisha. Shukrani hiyo ilidumu mpaka muuza sabuni alipokuwa akivaa viatu.

"Huko ameshapata kazi ya kufundisha," akasema. "Anakunywa chai ya maziwa mpaka anasaza."

Nikangoja mvua. Nilisimama kibarazani mwa mtu aliyekwishavuka mpaka, debe la yurea mkononi, nikitazama mawingu kwa macho yake. Udongo ulipolowa sawasawa nikanyunyiza. Oti iliyokatwa ikachipua upya, kijani kilekile.

Watoto wakanywa mpaka wakaota masharubu meupe. Mke wangu alikuwa tena dirishani.

"Inapendeza," akasema.

"Ipi?"

"Ya jirani," akajibu, akanikabidhi jagi.