Siku Niliyowapa Watoto Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Nilifika ukumbini Bagamoyo saa nane mchana, nimechomekea shati na kujipaka mafuta hadi viwikoni, nikidhani nitakabidhiwa mashine. Mkuu wa Mitambo, mtu wa Tanga mwenye kitambi kikubwa na maneno machache, aliitikia shikamoo yangu, kisha akanionyesha stuli nyuma ya meza yake. Akaniambia nikae pale wiki mbili nitazame watu, nisitazame mikono yake. Niliona ananionea. Nilikuwa nimeacha chuo cha ualimu kwa ajili ya kazi hii, na baba yangu, aliyefundisha shule ya misheni maisha yake yote, alikuwa hasemi nami kwa sababu hiyo hiyo.

Vijana mnaonisoma mmeikuta kompyuta inayolinganisha mapigo yenyewe, kwa hiyo nieleze kidogo. Sisi tulikuwa na deki mbili, yaani mashine za kupigia santuri, na katikati yake miksa, kisanduku cha kuchanganyia sauti. Wimbo mmoja unasikika ukumbini. Wa pili unausikia wewe peke yako kwenye hedifoni, kwa sikio la kushoto, na sikio la kulia linabaki wazi kwa ajili ya ukumbi. Huo wa pili unauharakisha au kuuchelewesha kwa kitelezi cha mwendo, na ukibakiza kidogo tu unaisukuma santuri kwa ncha ya kidole, mpaka ngoma za nyimbo zote mbili zinatembea pamoja. Hapo unauingiza taratibu. Ukifanya sawasawa, mchezaji hajui wimbo umebadilika saa ngapi. Ukikosea, anajua hata muuza karanga aliyeko nje.

Kuskrachi, yaani kuikwaruza santuri, ni kazi nyingine kabisa. Mkono mmoja unaivuta santuri mbele na nyuma chini ya sindano, na mkono wa pili unafungua na kufunga sauti kwa feda, kile kitelezi cha katikati ya miksa. Watu wanausifu mkono wa santuri kwa sababu ndio wanaouona, lakini anayetamka ni mkono wa feda. Ili santuri iteleze vizuri tulikata vitambaa vya suruali kuukuu, tukavitia wanga na kuvipiga pasi, tukavitandika chini yake. Mahali pa kuanzia tulipaweka alama kwa kipande cha plasta. Na tukizipata santuri mbili za wimbo mmoja, hapo tulikuwa na sikukuu yetu: unapiga kipande cha ngoma kwenye deki hii huku unakirudisha nyuma kwenye ile, unabadilishana hivyo hivyo, na kipande cha sekunde chache kinaendelea mpaka uchoke mwenyewe.

Nilikuwa hodari, sina sababu ya kujificha nyuma ya unyenyekevu. Mwaka wa pili watu waliniita Kiganja, na walikuwa wakija kutoka Zinga na Kaole kunitazama tu. Mkuu wa Mitambo hakufurahi sana. Alichotaka nijifunze ni ukumbi. Ule ulikuwa bohari la zamani, lenye mlango mmoja mkubwa na ngazi tatu za kushuka hadi sakafuni, na yeye alishika mahesabu ya mlango ule kuliko ya nyimbo zake. Alinieleza kwamba watu wakisongamana mlangoni, kazi ya kuwatuliza ni ya DJ kabla haijawa ya bawabu. Unapunguza mwendo, unaweka wimbo wa taratibu, unashika maiki unaongea nao.

"Ukipandisha ngoma wakati wamejaa nje, unawaita," aliniambia. "Na wakija, hakuna anayeweza kuwarudisha."

Bawabu wetu alikuwa Mzee Kondo, Mkwere wa Zinga, mrefu, asiyecheka. Yeye na Mkuu walikuwa na mpango wao. Hali ikiharibika mlangoni, Kondo alinyanyua kitambaa chekundu juu ya kichwa chake, na hapo hapo Mkuu alishusha sauti. Hawakuwahi kugombana hata siku moja kuhusu hilo. Mkuu alipougua kifua na kurudi kwao Tanga, nilirithi deki, hedifoni na ule mpango wa kitambaa.

Meneja wa Ukumbi hakuwa na habari na kitambaa. Alitaka vituko. Nami nilikuwa navyo, namshukuru nani sijui. Kituko changu kikubwa kilikuwa cha mgongoni: naugeukia ukuta, naipa meza mgongo, napeleka mikono nyuma na kuzichezesha santuri mbili za wimbo mmoja bila kuziona. Kwa kuwa siioni plasta, lazima nisikie kila kitu kwa usahihi, na kwa hiyo nilifunika masikio yote mawili. Hili nalisema taratibu ili DJ yeyote anayesoma alielewe. Sikio la ukumbi nililifunga mwenyewe, kwa mkono wangu, ili nishangiliwe.

Disko toto wazee wenzangu wanalikumbuka. Sikukuu ya Idi au Krismasi, mchana, ukumbi unafunguliwa kwa watoto, wa Waislamu na wa Wakristo pamoja, kila mmoja na nguo mpya na miwani ya plastiki. Ilikuwa Idi pili, baada ya swala ya alasiri. Ndani walishajaa, na nje walikuwa wengi kuliko waliokuwa ndani. Kondo alitaka kufunga mlango. Meneja alimwambia auache wazi, akaja mezani kwangu akaniomba kile cha mgongoni, watoto wafurahi.

Niligeuka.

Nilianza kubadilishana ile ngoma kati ya deki mbili, na kila nilipoirudia niliipandisha mwendo kidogo. Watoto wa nje waliisikia wakasukuma. Nyuma ya hedifoni nilizisikia kelele, nikazichukulia kuwa shangwe, na kwa sababu niliziona shangwe niliongeza. Sijui niliendelea kwa muda gani. Nakumbuka nilikuwa nimefurahi. Kisha sauti ilikatika ghafla, kwa kuwa Meneja alikuwa amechomoa waya ukutani. Nilipogeuka niliona mlangoni, pale kwenye ngazi, rundo la nguo za sikukuu, na Mzee Kondo amepiga magoti analivuta kwa mikono yote miwili. Kitambaa chekundu kilikuwa shingoni mwake.

Watoto kadhaa waliumia. Mmoja alifariki. Aliitwa Zuhura, wa Kaole, mwenye miaka minane, mtoto wa Bi Mwanaidi.

Kabla polisi hawajanihoji, Meneja aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Alisema mtoto ameshafariki na hakuna atakayemrudisha, lakini ukumbi na jina langu vinaweza kuokolewa. Swali litakuwa moja tu, kama bawabu alitoa ishara. Nilipoulizwa nilijibu kwamba hakuna ishara yoyote iliyotolewa. Kondo alisema alinyanyua kitambaa mara tatu. Yeye alikuwa bawabu na mimi nilikuwa Kiganja, wakaniamini mimi. Alifungwa gerezani kwa uzembe. Siku anapelekwa aliniangalia mara moja, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Baada ya hapo niliendelea na kazi, ndilo jambo linalonitia aibu kuliko yote. Nilihamia Chalinze, kwenye baa ya madereva wa malori. Mwenye baa, tuliyemwita Mkurugenzi ingawa alichokuwa anakiongoza ni viti ishirini, hakutaka skrachi kabisa. Alisema madereva wamechoka, wapigiwe nyimbo nzima. Kisha nikachukuliwa na hoteli moja ya ufukweni, kaskazini ya Dar, kuchanganya muziki wa watalii wakati wa chakula cha mchana. Santuri zilikwisha, zikaja diski, zikaja kompyuta. Meneja wa Burudani pale alikuwa kijana mwenye adabu, na kila mara aliniomba kituko cha mgongoni alichokuwa amekisikia kwa watu. Nilimwambia bega linanisumbua. Kwa miaka yote iliyobaki sikuugeukia ukuta tena, na hedifoni niliivaa sikio moja tu. Sikio hilo la kushoto sasa halisikii kitu. La kulia ni zima.

Nilipostaafu nilipata muda, na muda ni mbaya kwa mtu kama mimi. Mwaka huu nilikwenda Zinga kumtafuta Kondo. Nilimkuta uani anamenya mihogo, amezeeka sana, amekonda. Nilimwamkia. Alimaliza muhogo aliokuwa ameushika, ndipo akasema marahaba. Nikamweleza yote, ya hedifoni, ya Meneja na maneno niliyowaambia polisi. Hakuacha kumenya.

"Nilijua," alisema. "Nilikipandisha, nikauona mgongo wako. Nikakipandisha tena, mgongo. Unadhani unaniletea habari mpya?"

Nilimwomba msamaha. Alisema hilo tutalizungumza siku nyingine, kama tutakuwa hai. Kuna mtu alipaswa kuambiwa kabla yake.

"Mama wa mtoto akiniona sokoni hubadilisha njia. Mpaka leo. Nenda kwake kwanza."

Nilikwenda Kaole siku ya pili yake. Bi Mwanaidi alinikaribisha barazani bila kunifahamu, akaniwekea kiti, yeye akakaa mkekani. Nilijitambulisha, nikarudia kila kitu kama nilivyomwambia Kondo, na nilipolitaja lile jina la Kiganja aliuvuta mtandio wake akaukaza. Hakulia, wala hakunifukuza, ingawa nilikuwa tayari kwa yote mawili. Aliniuliza kama ni kweli Kondo alinyanyua kitambaa. Nikasema ni kweli, mara tatu, kama alivyosema mwenyewe. Akasema Inna lillahi, kisha akasema kesho atakwenda Zinga mwenyewe.

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kunyanyuka.

"Kaa," alisema. "Mimi nilimkataza kwenda. Gauni nilimshonea, lakini disko nilimkataza, akanitoroka. Miaka yote najiuliza kitu kimoja tu na sina wa kumuuliza. Wewe ulikuwa kule juu mezani, kabla hujageuka ulikuwa unawaona watoto wote. Mwanangu alishaingia? Aliwahi kucheza, hata kidogo?"

Alinitazama machoni akingoja. Ningeweza kumwambia ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na ningeondoka pale nimemwachia kitu cha kushika. Lakini mdomo wangu ulishawahi kusema uongo juu ya siku ile.

"Sijui, Bi Mwanaidi," nilimwambia. "Sikumwona."